Kabla majaji hawajaketi

Tarehe 6 Septemba 2025 majaji saba wa Tamasha la 82 la Filamu la Venice, wakiongozwa na mwongozaji wa Marekani Alexander Payne, walimpa Jim Jarmusch Simba wa Dhahabu, tuzo kubwa kuliko zote katika tamasha hilo. Tuzo ya pili kwa hadhi, Simba wa Fedha wa Majaji, ikaenda kwa mwongozaji wa Tunisia, Kaouther Ben Hania. Filamu yake, The Voice of Hind Rajab, imejengwa juu ya sauti halisi ya simu ya mtoto wa Kipalestina aliyekwama ndani ya gari huko Gaza Januari 2024, akiwaomba wahudumu wa Hilali Nyekundu waje kumchukua, na ambaye baadaye alikutwa amekufa. Siku ilipoonyeshwa Venice kwa mara ya kwanza, ukumbi ulisimama ukapiga makofi kwa zaidi ya dakika 20. Ndiyo maana matokeo yalipotangazwa, wengi wa wale ninaozungumza nao habari za sinema hapa Dar es Salaam walikuwa na jibu moja tu: Mwafrika amenyimwa tena, na majaji wa Ulaya ni walewale.

Naamini hasira hiyo imemwangukia asiye na kosa kubwa. Majaji ndio wanaopanda jukwaani na kupigwa picha, lakini katika mlolongo mrefu wa maamuzi ya tamasha la kimataifa wao ndio wenye madaraka madogo zaidi. Nguvu yenyewe imo katika uteuzi: nani huzitazama filamu zilizotumwa, kwa kanuni zipi, kwa pesa za nani, na mtengenezaji amefikaje hadi kwenye meza hiyo. Majaji wanapowasili, suala la sinema ipi itaonwa na dunia limekwisha kuamuliwa miezi kadhaa nyuma, na watu ambao majina yao hatuyajui. Sisi Watanzania, ambao filamu zetu kwa kawaida hazifiki hata kwenye hatua ya kunyimwa tuzo, tukiendelea kuwajadili majaji tunajadili ugomvi wa watu wengine.

Historia inasaidia kuliona jambo hili. Tamasha la Venice lilianza mwaka 1932 na ndilo kongwe kuliko yote. Mwaka 1938 kombe lake kuu, ambalo wakati huo lilibeba jina la Mussolini, lilikwenda kwa filamu ya mwongozaji wa Ujerumani ya Hitler, Leni Riefenstahl, kuhusu Michezo ya Olimpiki ya Berlin pamoja na filamu moja ya Kiitaliano, na Wafaransa walioudhika wakaamua kuwa na tamasha lao. Cannes ilipangwa kufunguliwa Septemba 1939, vita vikaizuia, ikafanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1946. Berlin ikafuata mwaka 1951. Kwa muda mrefu filamu za Cannes zilichaguliwa na nchi zenyewe, kama inavyofanyika hadi leo kwa tuzo ya Oscar ya filamu ya kimataifa, ambako Tanzania iliipeleka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji mwaka 2022. Mwaka 1972 uongozi wa Cannes ulijitwalia kazi hiyo ya kuchagua. Hapo ndipo madaraka yalipohama kutoka wizarani na kuingia mikononi mwa kamati ndogo ya watazamaji wa kulipwa. Bado wapo wenzetu wanaoamini kwamba Wizara ikiandika barua, au ujumbe mzito ukisafiri na mabango ya utalii, filamu ya Tanzania itapokelewa kwa heshima. Barua hiyo imechelewa kwa zaidi ya miaka 50.

Tuchukue mfano wa Cannes ya mwaka 2025. Kamati ya uteuzi ilipokea takriban filamu ndefu 2,900, na zilizoingia katika shindano kuu zilikuwa 22. Majaji tisa chini ya Juliette Binoche walikuwa na tuzo saba za kawaida za kugawa miongoni mwa hizo 22. Kwa maneno mengine, aliyekwisha kuingia katika shindano alikuwa na nafasi ya karibu moja kwa tatu ya kurudi nyumbani na kitu, ilhali kati ya waliotuma, walioingia humo hawakufika mmoja kwa kila mia. Hata ukijumlisha vitengo vingine vya uteuzi rasmi, idadi ya filamu ndefu zilizokubaliwa haizidi mia moja. Isitoshe, si zote huingia kwa kupita katika foleni hiyo. Waongozaji ndugu wawili, akina Dardenne wa Ubelgiji, na Ken Loach wa Uingereza, ambao kila upande umeshinda Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, mara mbili, wamerudi katika shindano hilo mara nyingi kiasi kwamba filamu zao mpya zimekuwa zikisubiriwa kabla hazijakamilika. Mwongozaji wa Tandika au Mbagala anayetuma filamu yake ya kwanza kwa kiungo cha intaneti hashindanii nafasi 22. Anashindania chache zinazobaki baada ya wenyeji kukaa vitini mwao.

Ukilinganisha na kazi hiyo ya kuchuja, kazi ya majaji ni ndogo, na pia haina uthabiti ambao sisi huisingizia. Jopo ni watu saba au tisa, wengi wao hawakufahamiana kabla, wanaotazama filamu mbili au tatu kwa siku kwa takriban siku kumi, kisha wanafungiwa chumbani wakubaliane. Kinachotoka humo ni maafikiano, na mara nyingi maafikiano hutoa filamu ambayo hakuna aliyeichukia badala ya ile ambayo baadhi yao waliipenda mno. Mwaka 2016 wahakiki wengi waliokuwa Cannes waliona filamu ya Mjerumani Maren Ade, Toni Erdmann, ndiyo iliyopita zote. Majaji wa George Miller hawakuipa chochote na Palme d'Or ikaenda kwa Loach. Kanuni nazo hutengeneza matokeo. Mwaka 2012 iliripotiwa kwamba majaji wa Venice walitaka kuipa filamu ya Paul Thomas Anderson, The Master, Simba wa Dhahabu pamoja na tuzo za uongozaji na uigizaji, wakaambiwa kanuni haziruhusu tuzo kulundikwa namna hiyo, wakarudi chumbani, na Simba wa Dhahabu akaishia kwa Mkorea Kim Ki-duk. Hakuna aliyehongwa, hakuna aliyempendelea Mwasia. Kilichoamua ni kifungu cha kanuni.

Kuna mkasa mmoja wa zamani ambao ningependa wasomaji waufikirie kwa utulivu zaidi. Berlin, mwaka 1970, jopo lililoongozwa na Mmarekani George Stevens liligawanyika vibaya kuhusu filamu ya Michael Verhoeven, iliyohamishia katika msitu wa Bavaria kisa cha askari wa Marekani waliombaka na kumuua msichana wa Kivietnam. Stevens alitaka iondolewe, wengine wakakataa, majaji wakajiuzulu na tamasha likamalizika bila tuzo. Miaka miwili kabla, Cannes ya 1968 ilikuwa imesimamishwa katikati na waongozaji waliokuwa wakiunga mkono maandamano ya wanafunzi na wafanyakazi. Walioumia katika mikasa hiyo miwili hawakuishia kudai majaji wapya. Waongozaji wa Ufaransa walianzisha mwaka 1969 kitengo chao wenyewe pembeni mwa Cannes, kinachoitwa Quinzaine, chenye wachaguzi wake na ladha yake. Berlin ikapata mwaka 1971 kitengo cha Forum kwa misingi hiyohiyo. Walikuwa wameelewa kwamba jopo la majaji hudumu siku kumi na kutawanyika, lakini mwenye kitengo cha uteuzi anabaki mwaka hadi mwaka na huamua ladha ya kizazi kizima.

Sasa niingie katika hoja za wanaopinga, nikianza na ile dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo iliyosikika zaidi baada ya matokeo hayo: kwamba makofi ya zaidi ya dakika 20 yalikuwa kura, na majaji wakaiba kura hiyo. Makofi ya onyesho la kwanza hupigwa katika ukumbi ambamo mwongozaji, waigizaji na watayarishaji wamekaa katikati, kamera zimewaelekea, na waandishi wa magazeti ya biashara ya filamu wameshika saa wakihesabu. Ni heshima kwa watu waliopo, na katika filamu hii ilikuwa pia kilio cha haki kwa mtoto na kwa taifa lake. Siyadharau hata kidogo. Lakini filamu nyingi zilizopigiwa makofi marefu zimesahaulika kabla ya mwaka kwisha, na nyingine zilizozomewa leo zinafundishwa vyuoni. Tena kuna jambo ambalo wenye hoja hii hawalitazami. Filamu ya mwanamke wa Kitunisia, kwa Kiarabu, kuhusu Gaza, katikati ya vita vilivyokuwa vikiigawa Ulaya yenyewe, iliwekwa katika shindano kuu la Venice na mkurugenzi wa tamasha, Alberto Barbera, na kamati yake. Uamuzi mgumu ulikuwa huo. Kama wangeuogopa, pasingekuwa na makofi wala tuzo ya pili ya kulalamikia.

Hoja ya pili inafanana nayo kwa kugeuzwa: kwamba Mwafrika hushinda pale tu Mwafrika mwenzake anapokuwa kiti cha mbele. Mfano unaotolewa ni Berlin ya mwaka 2024, ambako Lupita Nyong'o, mwenye asili ya Kenya na Mexico, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza jopo la tamasha hilo, na Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya Berlin, akaenda kwa Mati Diop, Mfaransa mwenye asili ya Senegal, kwa filamu yake Dahomey kuhusu hazina 26 za kifalme ambazo Ufaransa ilizirudisha Benin mwaka 2021. Nyong'o alikuwa mmoja kati ya saba, pamoja na watu wenye misimamo yao kama Christian Petzold, Ann Hui na Albert Serra, na mwaka mmoja kabla, chini ya Kristen Stewart, Dubu wa Dhahabu alikwenda vilevile kwa filamu ya makala, hiyo ikiwa ya Mfaransa Nicolas Philibert. Anayesema ni undugu wa ngozi ana kazi ya kueleza hayo. Zaidi ya hapo, hoja hii inamvunjia heshima Diop, ambaye Cannes ilikuwa imempa Grand Prix, tuzo yake ya pili kwa hadhi, miaka mitano nyuma, jopo likiwa chini ya Mmexico.

Hoja ya tatu ina uzito, na sitaki kuipita haraka. Inasema kwamba matamasha ya Ulaya huichagua Afrika yanayoijua tayari: umaskini, vita, mila za kikatili, jua kali na watoto wasio na viatu. Aliyetengeneza filamu kuhusu wapangaji wa Sinza wanaogombania luku, au kuhusu ofisa wa benki anayemficha mkewe deni, anahisi kwamba hadithi yake si ya Kiafrika vya kutosha kwa macho ya Paris. Naamini kuna ukweli hapa. Lakini ukweli huo hauwahusu majaji, ambao hupewa filamu zilizokwisha kuchaguliwa. Unawahusu wachaguzi, na zaidi ya hao unaihusu mifuko inayotoa pesa za kutengeneza. Mfuko wa Hubert Bals wa tamasha la Rotterdam, ulioanzishwa mwaka 1988, na World Cinema Fund ya Berlin, ya mwaka 2004, imewezesha filamu nyingi za Kusini ambazo bila hiyo zisingekuwepo; na kila mfuko husoma muswada kabla haujawa picha, kwa hiyo ladha ya mtoaji huingia tangu kurasa za mwanzo. Mwandishi anayeomba mara ya tatu hujifunza kinachokubaliwa. Hakuna anayemlazimisha, naye mwenyewe huenda asitambue kwamba amebadilika.

Hata hivyo hoja hii nayo hupelekwa mbali kuliko inavyostahili. Mwaka 2021 Khadar Ayderus Ahmed, Msomali anayeishi Finland, alionyesha katika Wiki ya Wahakiki, kitengo cha pembeni huko Cannes, filamu ya Kisomali iliyopigwa Djibouti, kuhusu mchimba makaburi anayetafuta pesa za kumtibu mkewe. Kuna umaskini ndani yake, tena mwingi. Miezi michache baadaye filamu hiyohiyo ilitwaa Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, tuzo kuu ya FESPACO, huko Ouagadougou, tamasha ambalo Waafrika wameliendesha tangu mwaka 1969 na ambalo halihitaji kufundishwa na Ulaya Afrika ni ipi. Wachaguzi wa Cannes na majaji wa Ouagadougou waliona kitu kimoja, na nadhani walichokiona ni mapenzi ya wale watu wawili. Na Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inaonyesha Zanzibar ya miaka ya 1950, mapenzi yanayovuka mipaka ya jamii na harakati za kudai uhuru. Haina njaa ya kuuza. Toronto iliichukua mwaka 2021, ikawa filamu ndefu ya kwanza ya Tanzania kuonyeshwa katika tamasha hilo.

Toronto yenyewe ni ushahidi ninaoutegemea. Tuzo yake kubwa tangu mwaka 1978 hupigiwa kura na watazamaji. Majaji wamo katika vitengo vichache tu. Filamu yetu ilifika mahali ambapo hapakuwa na jopo la kuogopwa wala la kulaumiwa, na faida iliyopata ilitokana na kule kuchaguliwa: baada ya hapo milango ya matamasha mengine ikafunguka, kwa sababu wachaguzi duniani kote husoma orodha za wenzao.

Hoja ya mwisho ya upinzani ndiyo ngumu kuliko zote, nami sina jibu la kuimaliza. Inasema: ni rahisi kwa mwandishi wa makala kusema tuzo si kitu, lakini msambazaji hununua filamu yenye alama ya tuzo kwenye bango, na historia inahesabu washindi. Mohammed Lakhdar-Hamina wa Algeria, aliyefariki Mei 2025, alishinda Palme d'Or mwaka 1975. Kwa nusu karne hakuna filamu nyingine ya nchi ya Kiafrika iliyoipata. Nani atasema jambo hilo halina maana? Venice yenyewe ilijaribu kuishi bila mashindano kuanzia mwaka 1969 hadi 1979, kwa kuamini kwamba sanaa haishindanishwi, na mwaka 1980 ikarudisha tuzo kwa sababu ilikuwa imefifia. Nakubali. Tuzo hupandisha bei na hukumbukwa. Ninachokataa ni mpangilio wa mawazo unaoanza na tuzo. Kabla ya Ben Hania kuitwa jukwaani mwaka 2025, alikuwa amekwisha kuwa Venice mwaka 2020 katika kitengo cha pili cha mashindano, Orizzonti, na Cannes mwaka 2023 katika shindano kuu. Aliingia katika orodha, akaingia tena, na tena. Mtu wa aina hiyo anaponyimwa, kuna la kujadili.

Swali basi ni kwa nini Tunisia inaingia na sisi hatuingii, na jibu la haraka kwamba wao wako karibu na Ulaya halitoshi. Tunisia ilikuwa na shirikisho la klabu za sinema tangu mwaka 1950, na mmoja wa watu wa klabu hizo, Tahar Cheriaa, alianzisha mwaka 1966 Siku za Sinema za Carthage, ambako tuzo ya kwanza ya juu ilikwenda kwa Ousmane Sembène wa Senegal. Kwa hiyo kabla ya kuwa na waongozaji wa kimataifa walikuwa na watu waliozoea kutazama, kubishana na kuchagua. Nigeria inatoa funzo la upande mwingine. Nchi inayotoa filamu kwa mamia kila mwaka ilisubiri hadi Mei 2025 ndipo filamu yake ya kwanza, My Father's Shadow ya Akinola Davies Jr., ilipoingia katika uteuzi rasmi wa Cannes, ikarudi na kutajwa kwa heshima katika tuzo ya filamu za kwanza. Wanaodhani wingi wa kazi za Bongo Movie utavuta macho ya wachaguzi kwa uzito wake wenyewe watafakari mfano huo.

Niliwahi kukaa katika kamati ya kuchuja ya tamasha dogo hapa mjini, katika ofisi moja ya Upanga, kompyuta mpakato ikiwa imewekwa juu ya maboksi ya karatasi ili wote tuione. Nakumbuka filamu moja kuhusu mama muuza samaki wa Feri. Nembo ya kituo cha televisheni ilikuwa imeganda pembeni, namba ya simu ya mtayarishaji ikipita chini ya picha, na sauti ilikuwa imechukuliwa na kipaza sauti cha kamera, kwa hiyo kila bajaji iliyopita ilimeza nusu ya mazungumzo. Hapakuwa na tafsiri ya maandishi hata kwa Kiingereza. Karibu na dakika ya 40 mama yule anahesabu chenji mbele ya mwanawe aliyemwibia, anajua na mtoto anajua kwamba anajua, na hakuna anayesema neno. Nimeona filamu kadhaa zilizotunukiwa ambazo hazina tukio zuri kama lile. Mchaguzi wa nje, mwenye viungo mia kadhaa vya kutazama mwezi huo, asingefika dakika ya 40.

Nembo ile iliniambia jambo jingine, zito kuliko sauti mbovu. Filamu ilikuwa imekwisha kuonyeshwa kwenye televisheni. Venice hudai onyesho la kwanza duniani kwa filamu za shindano lake. Cannes haikubali filamu ambayo imekwisha kushiriki tamasha jingine la kimataifa, kuingia katika kumbi za sinema nje ya nchi yake au kuwekwa kwenye intaneti. Sinema zetu nyingi huenda moja kwa moja kwenye chaneli za kulipia au YouTube, mara nyingine vipande kwa vipande, kwa sababu mtayarishaji amekopa na anadaiwa. Kwa kufanya hivyo anajiondoa mwenyewe katika mashindano makubwa kabla hata hajajaza fomu. Simlaumu, kwa kuwa kodi ya nyumba haisubiri barua kutoka Italia. Lakini asiambiwe kwamba majaji walimkataa.

Kutokana na hayo, mjadala wa Dar es Salaam ungefaa uhamie kwenye mambo ambayo tunaweza kuyagusa. Kwanza ni pesa. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania umewafikia wasanii kwa mikopo, na hilo ni jema kwa mwanamuziki mwenye shoo za kila wiki. Mwongozaji anayetaka kuishikilia filamu yake mwaka mzima huku akisubiri majibu ya matamasha hawezi kufanya hivyo akiwa na marejesho ya kila mwezi. Sehemu ndogo ya mfuko huo, ikitolewa kama ruzuku kwa filamu chache kwa masharti kwamba zisionyeshwe popote kwa muda fulani, na nyingine ikitengwa kwa ajili ya sauti na tafsiri ya maandishi, ingefanya kazi ambayo misafara ya maofisa kwenda Cannes haijaifanya.

Pili ni matamasha yetu wenyewe. Tamasha la Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997, lina sifa ambayo miji mingi ya Afrika inaitamani; kukaa Ngome Kongwe usiku, upepo wa Forodhani ukitikisa turubai, na kuona filamu ya Iran ikifuatwa na ya Pemba ni jambo lisilopatikana kwingine. Tangu mwaka 2021 Bodi ya Filamu nayo ina Tamasha la Filamu Tanzania, na Azam ilianzisha SZIFF mwaka 2018. Tunazo tuzo za kutosha. Tunachokosa ni wachaguzi wenye jina. Mtazamaji wa kawaida akiulizwa nani alichuja filamu za tamasha lolote kati ya haya, ziliingia ngapi na ngapi zilikataliwa, na kwa vigezo gani, hawezi kujibu, na sidhani waongozaji waliotuma kazi zao wanaweza. Nguvu zote tunazimalizia kwenye usiku wa zulia jekundu, kwenye orodha ndefu ya vipengele inayohakikisha kwamba kila kampuni inaondoka na kikombe na hakuna anayenuna. Mwisho wake ni kwamba tuzo ya Dar es Salaam haimwambii mchaguzi wa Rotterdam au Durban chochote, kwa sababu haoni kilichoachwa nje ili hicho kiingie.

Kukataa kunahitaji ujasiri katika mji ambamo watu wa filamu wote wanafahamiana na kesho mtakutana msibani. Naelewa ugumu huo. Lakini tamasha linaloweza kuchapisha majina ya kamati yake ya uteuzi, likatangaza idadi ya filamu zilizotumwa na zilizopita, likapunguza vipengele hadi vichache, na likamzuia mwenye filamu shindanoni kukaa karibu na meza ya maamuzi, litakuwa na neno la kusikilizwa nje. Vijana wanaozitazama filamu hizo mia mbili na kuziandikia maelezo, nusu ukurasa kila moja, ndio watakaoitwa baadaye kuwa washauri wa matamasha makubwa kwa ukanda huu. Wachaguzi wa Cannes na Berlin hutegemea watu wa aina hiyo katika kila sehemu ya dunia, na mara nyingi washauri hao kwa Afrika Mashariki hawaishi Afrika Mashariki. Kazi hiyo inaweza kuanza na ZIFF ijayo, na gharama yake ni ndogo kuliko ya zulia.